Dau la Fainali

Katika chemshabongo ya shule, anayeshindwa humwachia mshindi kitu anachokijua, na aliyeshindwa hakijui tena. Binti yangu Nakaaya alishachukua jiografia na hesabu za wenzake, nami nikatamba kwa majirani.

Aliporudi na kombe la taifa, alikaa kuchambua mchele huku akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa Kihehe. Kwetu hakuna Mhehe.

"Masomo yalimwishia mwenzangu," alisema. "Akamweka dau mama yake."

Simu ikaita, mwanamke wa Iringa akanisalimu kwa heshima.

"Binti yangu ananikaribisha chai kama mgeni," alisema. "Naomba huyo wako aniite mama, hata mara moja."

Kabla sijajibu, Nakaaya alishaitambua ile sauti, akanyoosha mkono.