Mkono wa Nyamizi Kwenye Pipa la Unga

Siku hizi unga hatuufuati dukani. Unakuja kwa bomba mpaka kwenye pipa la chuma jikoni, na chini yake kuna kitetemeshi cha sumaku ya umeme kinachoutikisa ushuke bila kugandamana. Kila nyumba hukifundisha kufuata mkono wa mtu mmoja. Chetu alikifundisha binti yangu Nyamizi, kwa kuchekecha mbele yake: anatikisa polepole, anapumzika, kisha anapiga ukingo wa chekeche kwa kiganja.

Tulipomzika, kitetemeshi kiliendelea vilevile. Mwanawe, Sinda, akawa anakula ameegemea pipa, na tonge la kwanza anamwekea mama yake. Nikamwita fundi Chilewa aufute ule mkono.

"Una hakika, bibi? Wengi huuacha mkono wa marehemu."

"Futa tu, mwanangu. Mtoto haongei na sisi tena, anaongea na chuma."

Akafuta. Jikoni kukawa kimya. Chilewa akanipa chekeche nikifundishe mkono wangu, nami nikachekecha kama nichekechavyo tangu usichana.

Kitetemeshi kikatikisa polepole, kikapumzika, kikagonga.

"Mbona ni uleule, bibi?"

"Unadhani yeye alifundishwa na nani?" nikasema, nikimrudishia chekeche.

Sinda akaingia mbio kutoka uani na bakuli lake. Akaketi, akalaza shavu kwenye pipa.

"Mama," akauliza taratibu, "mbona ulinyamaza?"