Ngiri na Majirani Wenye Uwezo

Bonde moja lilitawaliwa na Ngiri, mwenye majivuno mengi kuliko akili. Muhanga, aliyewachimbia wenzake mashimo ya kulala, Ngiri mwenyewe akiwemo, alikuja kuaga na wanawe.

“Tumechoka kudharauliwa, Mkuu. Tunahama.”

“Nendeni na vumbi lenu! Wanakuja Korongo, watu wenye uwezo.”

Korongo wakaja kweli. Wakajenga viota vikubwa ajabu, kisha wakaruka kurudi mbali walikozoea kula na kulala. Bondeni, walisema, watakuja sikukuu. Ngiri akawa anatembea chini ya viota vitupu, mkia juu, akitangaza: “Bonde limeendelea!”

Masika yakaingia, na shimo la Ngiri likamporomokea, akafukiwa hadi shingoni. Akapiga mayowe kuita majirani. Viotani kimya. Mwishowe akasikia hatua.

“Nani huyo?”

“Jirani yako mpya, Mkuu,” akajibu Fisi. “Nimehamia kwenye shimo la Muhanga.”

“Afadhali! Nifukue basi!”

“Nitakufukua,” Fisi akasema, akijilamba midomo. “Mimi si kama Korongo wako. Mimi nakula hapahapa.”