Tembo Anaomba Kumwona Mtoto

Tangu tembo wapewe haki ya kusikilizwa, hakuna aliyeruhusiwa kuwafukuza kambini. Atuganile, aliyekuwa akitandika vitanda katika mahema ya wageni kando ya Mto Ruaha, aliizoea sheria hiyo kama alivyozoea vumbi. Kwa kawaida tembo waliomba maji tu.

Mchana ule alikuwa akikunja shuka, mwanawe wa miezi minne amelala kitandani, mara mwanga wa mlangoni ukazibwa. Tembo jike alikuwa amesimama nje, mkonga wake ukipapasa turubai. Lwitiko, mwongoza wageni, alisogea taratibu akiwa na kile kisanduku cha kutafsiri ngurumo zao.

"Dada, huyu ndiye aliyefiwa na ndama wake juzi," alinong'ona. "Anaomba kumwona mtoto."

"Mwambie amelala."

"Nimemwambia. Anasema atasubiri."

Hema likatikisika, kamba moja ikakatika. Atuganile akamnyanyua mwanawe, akatoka naye. Mkonga ukamnusa mtoto utosini, ukashuka hadi nyayoni, kisha ukatulia kifuani pake. Mtoto akaamka, akacheka. Mama yake hakuthubutu hata kupumua.

Hatimaye tembo akanguruma kidogo, akageuka, akaelekea mtoni bila haraka. Atuganile akaketi palepale mavumbini, akilia kwa faraja. Lwitiko alikuwa bado ameinamia kisanduku.

"Kasemaje, kaka?"

"Ameshukuru," alijibu Lwitiko, bila kumtazama usoni. "Anasema umemtunzia mtoto wake vizuri. Kesho atakuja kumchukua."