Kilichobaki ni Maji Tu

Kinyozi alimshikia Kaimu kioo nyuma ya kichwa, akatangaza kwa sauti nzito ya kiserikali: "Kichwa kimekamilika kwa asilimia mia moja. Kilichobaki ni nywele tu!"

Wateja wakaangua kicheko. Kaimu, mwenye kipara cha kurithi, alitabasamu kwa shida na kutoka. Alijua utani huo umeanzia wapi.

Ulianzia kwenye katuni. Kila Ijumaa jioni televisheni ilionyesha vituko vya nchi ya wanyama, ambako Kiboko alikuwa Waziri wa Maji. Safari hii Kiboko alikwenda kuzindua bomba. Bendi ikapiga, utepe ukakatwa, wanyama wakasogeza ndoo. Bomba likatoa upepo, kisha mende mmoja. Kiboko akakohoa, akasema: "Ndugu wananchi, bomba limekamilika kwa asilimia mia moja. Kilichobaki ni maji tu."

Nchi nzima ikashika mbavu. Walimu wakasema shule imekamilika, kilichobaki ni madawati tu. Mke wa Kaimu mwenyewe alimwekea sahani tupu mezani, akamwambia chakula tayari, kilichobaki ni kupika tu, akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Kilichomuuma Kaimu ni kwamba sentensi ile aliiandika yeye.

Wala hakuiandika kwa mzaha. Mzaha haukuwamo mwilini mwake. Alikuwa Kaimu Mkuu wa Ukaguzi wa Vipindi, na kazi yake ilikuwa kupitia kila mswada na kuunyoosha kabla haujarekodiwa. Mwandishi wa katuni, mama mmoja mpole, alikuwa amemwandikia Kiboko: "Maji yamekwisha, nimeoga." Kaimu aliona hayo ni matusi kwa viongozi. Akayakata, akaweka kauli ya heshima, yenye takwimu. Kwa utaratibu wa ofisi, maneno ya mkaguzi husomwa kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mwandishi akatii.

Ukaimu wenyewe ulikuwa umeingia mwaka wa saba. Jina lake halisi lilikwishasahaulika; hata mama mkwe alimwita Kaimu. Kiti cha Mkuu, cha ngozi, kilikuwa palepale ofisini, naye akikaa pembeni yake kwenye cha mbao, akingoja barua ya kuthibitishwa. Alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote duniani.

Jumatatu Mkurugenzi alipiga simu.

"Mkubwa ameiona ile katuni. Ile sentensi ya bomba. Kesho saa tatu uje uniambie ni ya nani."

"Ya nani... kivipi, mzee?"

"Kwani nauliza kwa lugha gani?" Simu ikakatwa.

Mkubwa alikuwa Waziri wa Maji wa kweli, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Kaimu akaona kiti kimeota mbawa, na kazi nayo inakifuata. Akaufungua mswada, akachomoa ukurasa wenye mwandiko wake, akauchana vipande vidogo vidogo. Kisha akateremka hadi chumba cha wachora katuni.

"Dada, tia sahihi hapa. Kwamba kila neno la kipindi kile ni lako. Utaratibu tu."

Mwandishi alivua miwani. "Lakini ile ya bomba si yako, kaka?"

"Mimi ni nani hata nikudhulumu kazi yako?"

"Na ikileta balaa?"

"Balaa la nini tena? Ikileta heri, heri yote yako, sitadai hata chembe." Akaangaza macho chumbani. "Halafu hawa vijana wako sita wanasubiri niwapitishie kipindi cha Ijumaa, au sivyo?"

Mwandishi aliwatazama wachoraji wake, walioinamia meza zao. Akatia sahihi. Kaimu aliona haya, tusimsingizie; lakini zilimwisha kabla hajamaliza ngazi.

Kesho yake saa tatu kasoro tano alikuwa mbele ya Mkurugenzi. Mezani palikuwa na barua moja, imefunikwa.

"Haya. Ya nani?"

"Ya mwandishi, mzee. Karatasi hii hapa, katia sahihi kwa mkono wake."

"Wewe hukuigusa?"

"Haki ya Mungu, hata nukta."

Mkurugenzi alimkazia macho. "Fikiri vizuri, Kaimu. Maneno kama yale mimi nilidhani ni yako kabisa."

"Mzee! Mimi wa kuandika upuuzi kama ule? Ningekuwa mimi, ningejiuzulu kabla hujaniita."

"Na uko tayari kurudia hayo mbele ya Mkubwa?"

"Hata sasa hivi."

Mkurugenzi alishusha pumzi, akaifunua barua. Kaimu alilisoma jina lake halisi likiwa kichwa chini, na muhuri mwekundu pembeni. Barua ya kufukuzwa kazi, akawaza. Ameponea chupuchupu.

Mkurugenzi akachukua rula, akalikata jina hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaanza kunakili la mwandishi juu yake.

"Mkubwa anasema tangu apewe wizara hajapata kumsikia mtu aliyeieleza kazi yake kwa ufasaha namna ile," alisema bila kuinua kichwa. "Kauli hiyo itabandikwa kwenye kila bomba nchini, na aliyeiandika anathibitishwa kuwa Mkuu wa Ukaguzi leo hii. Haya, nenda kamwite bosi wako."