Sabuni ya Bibi Harusi

Jovithe alifumba macho, akisubiri sabuni ya kung'arisha ngozi ambayo shangazi yake alikuwa ameinunua sokoni Gatumba kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

"Tulia, bibi harusi! Ikiwasha, ujue inafanya kazi. Au unataka kuingia kanisani mweusi kama sufuria?"

Mkono uliomshika kidevu ulikuwa wa moto. Jovithe alifumbua macho. Uso wa shangazi uling'aa, lakini ngozi ya vidole vyake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, tena imepasuka.

"Shangazi, na wewe inakuuma?"

Shangazi alivikunja vidole vyake. "Kila siku, mwanangu."

Jovithe alichukua beseni la maji ya sabuni, akayamwaga uani, akarudi na siagi ya ng'ombe waliyopakwa maharusi wa zamani.

Shangazi alinyoosha mikono yake miwili.

"Nipake mimi kwanza."