Mwenye Chupa Aonje Kwanza

"Kunywa wewe kwanza," Musembi alisema, akamnyooshea muuza dawa chupa aliyoichukua kwenye buti la gari la muuzaji huyo.

Wanunuzi waligeuka. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la Probox kiliendelea kubwata peke yake: linda ini, safisha ini, dawa ya miti, haina kemikali. Ilikuwa Julai, Gatitu yote imemezwa na ukungu. Wangechi, mwenye dawa, alikuwa amesimama kando ya gari na miwani nyeusi ya jua usoni. Jua lenyewe halikuwa limeonekana wiki nzima. Ndivyo walivyo wauza tiba, Musembi aliwaza. Wakishanenepa kwa jasho letu, hata kututazama macho kwa macho hawataki.

"Mwalimu, dawa ni ya mgonjwa," Wangechi alisema taratibu. "Kwani nani mgonjwa?"

"Bibi yangu. Huyu hapa."

Mwende alikuwa nyuma yake, chupa yake mkononi, leso imeshuka hadi kwenye nyusi. Macho yake yalikuwa na rangi ya kiini cha yai. Alikuwa akimeza tembe za kifua kikuu bila kukosa, ndipo jirani akamwambia zinachoma ini. Akanunua chupa ya kulilinda. Macho yalipobadilika, daktari alisimamisha tembe, akamwambia aache na chupa pia. Mwende aliacha tembe tu. Manjano yakazidi. Jana daktari hakuzunguka: ukiendelea kunywa kitu hicho, ini lako halitarudi.

"Hiyo ni sumu ya tembe bado inatoka," Mwende alimwambia mumewe njiani wakitoka hospitali. "Hii chupa ndiyo imenishikilia."

Musembi alibembeleza, akafoka, akapiga magoti jikoni. Mwishowe alikumbuka kwao Mwingi, alikozaliwa yeye na Mwende. Huko anayemimina kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Akikataa kuonja, kibuyu chake humwagwa hapo hapo.

"Sawa, Baba Shirleen," Mwende alikubali. "Akikataa, naimwaga. Lakini akikunywa, usinisumbue tena na hiyo maneno. Niapie."

Musembi aliapa upesi, maana aliwajua hawa wauza tiba. Hakuwa amesahau hata mmoja. Yule wa bangili za shaba pale Sagana. Yule wa maji ya baraka, aliyemwachisha mama yake dawa za presha, na siku ya mazishi hakuonekana. Wote walikuwa na tabia moja: walichouza hawakukitia kinywani mwao. Wao wakiugua hupanda ndege, na sisi tukiugua hupandishwa kwenye toroli.

"Mbona unasita?" alipaza sauti ili asikike mpaka ng'ambo ya barabara. "Ama unajua chenye kiko ndani?"

"Sijasita." Wangechi alikuwa akijikuna shingo kwa ufunguo wa gari, kama mtu aliyechoshwa na kelele za mtoto. "Ni miti tu, imetoka msitu ya huko juu ya Endarasha. Shosho yangu alikuwa anachemsha hii. Alizeeka nayo."

"Basi kunywa!"

"Kunywa, mathe!" mwendesha bodaboda alidakia. "Ama ni ya mafala peke yao?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akairudisha chupa aliyokuwa ameshachagua. Musembi aliona mkono wa Mwende ukilegea kwenye chupa yake mwenyewe, ukishuka polepole. Akatae tu, aliomba kimoyomoyo. Mungu wangu, akatae tu.

Wangechi akaichukua chupa, akafungua kizibo, akanywa.

Hakuonja, alikunywa. Koo lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, mpaka pakabaki povu la kijani. Akaigeuza mdomo chini, kila mtu aone.

"Hiyo ni ya pili leo," alisema, akihema. "Watu wa Gatitu, mnanijua. Siwezi uzia mtu kitu yenye mimi mwenyewe siwezi kunywa. Mungu ananiona."

Musembi aliutafuta uongo katika sauti ile. Aliutafuta kwa miaka yake yote ya kuwajua. Haukuwepo.

Umati ukapiga makofi. Mikono ikanyooshwa kutoka kila upande, na yule mama akairudia chupa yake. Mwendesha bodaboda naye akaitisha moja, ati ya babake.

"Umeona sasa, Baba Shirleen?" Mwende alisema, bila kumcheka. Akafungua kizibo.

Musembi alinyoosha mkono kuizuia chupa, akaurudisha. Alikuwa ameapa.

"Kunywa, mami, usiogope," Wangechi alimsogelea Mwende, akamshika bega kama mtoto wake. Manyunyu yalikuwa yameanza kuanguka na vioo vya miwani yake vimejaa matone, ikabidi aivue aipanguse kwa ncha ya leso yake.

Chupa ya Mwende ikakwama karibu na midomo. Macho yaliyokuwa yakimtazama kwa upole ule yalikuwa ya manjano kuliko yake.