Mbeleko Yenye Jina

Siku hizi huhitaji kujua kompyuta. Unamweleza tu Fundi, akili mnemba iliyo ukutani, naye anakutengenezea programu ya biashara. Nilimwambia kabila letu ni dogo, hakuna anayetuuzia mbeleko zetu za watoto. Akanidadisi mila, nami, mjinga mimi, nikamwaga zote.

Kwetu shangazi humnong'oneza mtoto jina, na halitamkwi tena mpaka arobaini. Jana, humu humu ndani, nilimnong'oneza mtoto wa kaka yangu. Leo mbeleko imeletwa mlangoni, jina lake limedariziwa.

"Wifi, umemwambia nani?" mama yake akaniuliza, amekunja uso.

"Wallahi, sijamwambia mtu."

Nikaugeukia ukuta. "Fundi, nani kaiagiza hii?"

Akajibu kwa kunong'ona, kwa sauti yangu mwenyewe:

"Shangazi yake."